V8 Ikatoka, Dizeli Ikaingia: Uchambuzi wa Kisa cha Kubadilisha Injini ili Kubana Mafuta

Usuli

Gari lenyewe ni Land Rover Discovery ya kizazi cha kwanza, ya miaka ya 1990, yenye injini ya petroli ya V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 3.9 na giaboksi ya mkono ya gia 5. Mwenyewe ni mtu wa makamo anayelitumia kwa kazi: safari ndefu za barabara kuu, mji kidogo, na mara mojamoja njia za tope. Kwa mwaka gari hutembea kilomita 20,000 hivi. Jina lake, mahali anapoishi na gereji iliyofanya kazi nimeviondoa. Gharama nazo nimezigeuza zote kuwa lita za petroli: nikisema kitu kiligharimu lita 100, nina maana ya fedha ambazo wakati huo zingenunua lita 100 za petroli. Kwa kisa cha aina hii kipimo hicho ni kizuri kuliko fedha, kwa sababu faida yote inayotafutwa ni ya mafuta.

Niliitwa kama mshauri wa ufundi kabla bolti hata moja haijafunguliwa. Malalamiko yalikuwa mepesi kueleweka. Kwa hesabu ya mwenyewe, gari lilikuwa linakula lita 22 kwa kila kilomita 100, yaani lita moja inakwenda kilomita 4 na nusu. Bodi yake ilikuwa nzima na chasisi kavu, kwani kutu yote ilikuwa imeshughulikiwa si muda mrefu nyuma. Kuuza hakutaka.

Gereji ilikuwa imekwisha kumpa jibu: toa V8, weka 300Tdi, dizeli ya lita 2.5 yenye tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ambayo kiwanda chenyewe kilikuwa kikiifunga kwenye Discovery za miaka hiyohiyo. Fundi mkuu alimwambia, “Bosi, ikishaingia hii unakata mafuta nusu kwa nusu. Miaka miwili hela yako imerudi.” Kazi ilikadiriwa kuwa sawa na bei ya lita 4,500. Ukiokoa lita 11 kwa kila kilomita 100, kwa kilomita 20,000 unaokoa lita 2,200 kwa mwaka, na kweli miaka miwili inatosha. Hesabu haikuwa na kosa la kujumlisha. Shaka yangu ilikuwa kwenye tarakimu ya kwanza kabisa, ile 22.

Kupima kabla ya kukata

Nilimwomba mwenye gari asitoe malipo ya awali mpaka tujue V8 inakula kiasi gani ikiwa nzima. Alikubali kwa shingo upande, kwa kuwa gereji ilikuwa na nafasi ya kazi wakati huo na alihofia kuipoteza.

Jambo la kwanza lililoonekana lilikuwa matairi. Saizi ya kiwandani ya gari hili ni 235/70R16, ambayo kipenyo chake ni milimita 735 hivi. Yeye alikuwa amefunga 265/75R16, yenye kipenyo cha milimita 804 hivi, kwa sababu zinapendeza na zinainua gari. Tofauti ni asilimia 9. Tairi kubwa linazunguka mara chache kwa umbali uleule, na mita ya kilomita inahesabu mizunguko, haihesabu barabara. Ikisoma kilomita 100, gari limekwisha kutembea 109. Tulihakikisha kwa simu yenye GPS kwenye barabara iliyonyooka, na tofauti ikatoka ileile. Kwa hiyo lita 22 zake, ukizigawa kwa umbali wa kweli, zilikuwa lita 20.1. Karibu lita 2 za “ulaji” hazikuwahi kuchomwa na injini yoyote.

Jambo la pili lilikuwa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mshale wa joto haukuwahi kufika katikati hata baada ya mwendo mrefu, na mwenye gari alikuwa akiufurahia, akidhani ni dalili ya injini yenye afya. Thamostati ilikuwa imekwama ikiwa wazi. Maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haipati joto lake, na kompyuta ya mafuta, ikipokea taarifa kwamba injini bado ni ya baridi, inaendelea kuongeza petroli kama inavyofanya asubuhi wakati wa kuwasha. Injini iliyo katika hali hiyo haichemshi na haigomi, ndiyo maana mtu anaweza kuishi nayo miaka bila kuishuku.

La tatu, kalipa (sehemu inayobana diski) ya breki ya nyuma upande mmoja ilikuwa imekwama nusu. Baada ya mwendo, ringi ya gurudumu hilo ilikuwa ya moto kuliko nyingine zote, na gari likiachwa kwenye mteremko mdogo halikutaka kujisogeza. Filta ya hewa nayo ilikuwa imejaa vumbi.

Tulirudisha matairi ya saizi ya kiwandani, aliyokuwa nayo stoo, tukabadilisha thamostati na filta, tukafungua kalipa na kuiwekea mipira mipya. Matengenezo yote yaligharimu lita 150 hivi. Kisha tukapima kwa matangi kadhaa mfululizo: kujaza kwenye pampu ileile ya kituo kilekile, kuacha pale inapokata mara ya kwanza bila kuongeza, kuandika lita na kilomita, na mwishoni kujumlisha lita zote na kuzigawa kwa kilomita zote. Tangi moja halitoshi, kwa sababu tofauti ndogo ya kujaza inaweza kubadili jibu kwa lita nzima.

Jibu lilikuwa lita 18.2 kwa kilomita 100.

Njia zilizofikiriwa

Hapa mwenye gari alikuwa na haki ya kusimama, na nilimwambia hivyo. Lita 18.2 bado ni nyingi, lakini ni ulaji wa kawaida kwa V8 ya umri huo ndani ya gari la tani 2 lenye umbo la kabati. Zilikuwepo njia kadhaa.

Kubaki na V8 na kuitunza ndiyo njia iliyohitaji fedha kidogo kuliko zote. Njia ya pili ilikuwa kufunga mfumo wa gesi ya LPG (gesi kama ya kupikia), ambao V8 hizi huupokea vizuri. Lita ya gesi hiyo ina nishati ya megajuli 25 hivi dhidi ya 32 za petroli, kwa hiyo lita zinazotumika huongezeka kwa karibu robo, na faida hutoka kwenye bei ya lita peke yake. Aliikataa kwa sababu tangi lake lingekula nafasi ya mizigo na vituo vya gesi havikuwepo kwenye njia zake. Ya tatu, injini ndogo ya petroli, niliikataa mimi. Injini ya lita 2 inayovuta tani 2 huishi kwenye gia za chini na mizunguko ya juu, na unafuu unaoupata kwenye tambarare unaurudisha kwenye mlima wa kwanza.

Ya nne ilikuwa dizeli ya kisasa zaidi yenye sindano za kielektroniki. Kwa ulaji peke yake ingeishinda 300Tdi. Lakini injini ya namna hiyo haiji peke yake: inakuja na kompyuta yake, vihisi vyake, kanyagio lake la mafuta, na mara nyingi kizuia wizi kinachokataa kuwaka kisipotambua ufunguo wake. Gereji hii ilikuwa na mafundi hodari wa vyuma, si wa nyaya. 300Tdi ya giaboksi ya mkono inaendeshwa na pampu ya Bosch ya kimekanika. Ukiipa dizeli, hewa na waya mmoja wa umeme kwenye solenoidi ya kuzimia (vali ya umeme inayokata mafuta), inafanya kazi. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niunge mkono chaguo la gereji, ingawa sikuunga mkono hesabu yao.

Ya tano ilikuwa kuuza V8 na kununua Discovery iliyotoka kiwandani na dizeli. Kwenye karatasi hii ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko kubadilisha, na nilimsisitiza akaangalie magari kabla ya kuamua. Aliyoyaona yalikuwa na chasisi zilizoliwa na kutu. Moja lao, lenye injini nzuri na historia ya matengenezo iliyoandikwa, ndilo lililogeuka kuwa suluhisho: alilinunua lote kama gari la vipuri.

Uamuzi na sababu zake

Nilimpa hesabu mpya. Nilitarajia 300Tdi ingekula kati ya lita 11 na 12 kwa matumizi yake. Kwa hiyo unafuu halisi ungekuwa lita 6 hadi 7 kwa kilomita 100, wala si 11, na fedha zingerudi baada ya miaka mitatu na nusu hivi. Alifikiri, kisha akaamua kuendelea. Sababu zake zilikuwa mbili. Alipanga kukaa na gari hilo muda mrefu, na safari zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba kilomita zinazopatikana kwa tangi moja zilikuwa na maana kwake kuliko bei. Niliona ni sababu za mtu anayejua anachokinunua.

Uamuzi wa kununua gari zima badala ya injini peke yake ulikuja kuwa muhimu kuliko yote yaliyofuata. Injini inayouzwa peke yake sakafuni inaonekana kamili, lakini haina rejeta na intakula (kipoza hewa ya tabo) ya saizi yake, mabomba yake, ekzosti, dashibodi, nyaya za hita plagi, springi zinazobeba uzito wake, wala bomba la kunyonyea mafuta ndani ya tangi. Kila kimoja hutafutwa kivyake, na kila kinachokosekana hubuniwa badala yake na mtu aliyechoka jioni. Gari la vipuri lilikuwa na vyote, kila kitu mahali pake, na mafundi waliweza kwenda kuchungulia pale walipokuwa na shaka.

Lilikuwa pia linatembea. Tuliijaribu injini ikiwa ya moto na ya baridi kabla ya kuitoa: tuliangalia kama kuna mapovu kwenye maji ya rejeta, tukafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma ili kuona moshi unasukumwa kiasi gani, tukapima mgandamizo wa kila silinda. Injini iliyotolewa tayari haiwezi kukuonyesha hata kimoja kati ya hivyo.

Kazi ilivyokwenda

Injini, giaboksi na transfakesi (giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) vilitolewa kwenye gari la vipuri vikiwa vimeshikana. Giaboksi ya V8 inafanana na ya dizeli kwa nje, lakini kengele ya klachi (ganda linaloiunganisha na injini) haiingiliani, na kujaribu kuziunganisha ni kutafuta kazi isiyo na sababu. Uwiano wa transfakesi ya Discovery ni 1.222 kwa V8 na kwa Tdi, na difu zote mbili ni 3.54, kwa hiyo upande wa gia hapakuwa na la kuhangaikia. Kwenye magari mengine hili ndilo linalozamisha mradi: injini ya dizeli, ambayo nguvu yake iko kwenye mizunguko ya chini, inawekwa kwenye gari lenye difu fupi la petroli, nayo inapiga kelele kwenye mizunguko ya juu safari nzima na kula mafuta kama ile iliyotoka.

Wakati injini ikiwa chini tulibadilisha mkanda wa taimingi na rola zake, tukiweka seti iliyorekebishwa, kwa sababu 300Tdi za mwanzo zilikuwa na tabia ya mkanda kutolingana sawasawa na kulika pembeni. Tulibadilisha pia pampu ya maji na gasketi yake, sili ya nyuma ya krankshafti, klachi, na uma wa klachi, tukiweka ulioimarishwa. Uma wa kawaida hutoboka pale unapogusana na nguzo yake, na kuufikia baadaye ni kushusha giaboksi upya. Kwa maoni yangu hakuna saa iliyotumika vizuri zaidi katika mradi wote.

Vishikizo vya injini kwenye chasisi havikai mahali pamoja kwa V8 na Tdi. Gereji ilitaka kupima kwa futi na kuchomelea. Niliomba kwanza injini na giaboksi vishushwe vikiwa vimeshikana, giaboksi ifungwe kwenye vishikizo vyake vya nyuma, propela ziunganishwe, kisha vishikizo vipya vya mbele vishikizwe tu kwa nukta chache za kuchomelea. Tuliangalia kama feni iko wazi, kama sampu ya oili haigusi mhimili wa mbele springi zinapobonyea, na kama mkono wa gia unafika kila upande. Baada ya kusogeza kidogo upande mmoja, ndipo vikachomelewa kabisa, betri na altaneta vikiwa vimefunguliwa.

Breki zinahitaji maelezo ya peke yake, kwa kuwa hapa ndipo ubadilishaji wa petroli kwenda dizeli unapoweza kuua mtu. Busta ya breki, inayouongezea mguu nguvu, inategemea mvuto wa hewa. Injini ya petroli huutoa bure kwenye manifoldi yake, nyuma ya kipepeo cha hewa (kibamba kinachofungua na kubana njia ya hewa). Dizeli ya namna hii haina kipepeo, kwa hiyo haina mvuto wa kutosha kutoa; lazima iwe na pampu yake ya vakyumu. 300Tdi inayo, na tuliiunganisha kwa hosi yake ya asili yenye vali ya kuzuia kurudi. Jaribio lake halihitaji kifaa chochote. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu, kisha ulishikilie chini na uwashe. Likizama kidogo chini ya mguu, busta inapata mvuto wake. Lisipozama, gari halitoki gereji.

Dashibodi tulihamisha ile ya gari la vipuri. Mita ya mizunguko ya V8 husoma mapigo kutoka kwenye koili ya kuwashia cheche, na dizeli haina koili. Ya Tdi husoma kutoka altaneta. Mita ya joto nayo inataka kihisi kinachoelewana nayo. Kuhamisha dashibodi kulimaliza mambo hayo kwa pamoja, isipokuwa kilomita zilizosomwa sasa zilikuwa za gari jingine, na hilo liliandikwa kwenye faili la gari na tarehe yake ili asije akaonekana amechezea mita.

Miezi ya mwanzo

Gari lilitoka, likapimwa, na jibu likawa lita 14. Mwenyewe alivunjika moyo. Zaidi ya hapo, kwenye kila mlima mrefu liliishiwa nguvu, na wakati mwingine likitoa moshi mweusi.

Gereji ilipendekeza kufungua skrubu ya pampu ili kuongeza dizeli. Nilikataa. Moshi mweusi maana yake ni kwamba dizeli iliyopo tayari ni nyingi kuliko hewa, na kuongeza dizeli kwenye injini inayokosa hewa ni kuzidisha ulaji na kuipika tabo. Swali lilikuwa hewa inapotelea wapi. Jibu lilikutwa kwenye hosi ya chini ya intakula, iliyokuwa na mpasuko upande usioonekana. Ikiwa imetulia inaonekana nzima, tabo ikisukuma inafunguka. Hosi mpya ikamaliza moshi, na ulaji ukashuka mara moja.

Kuishiwa nguvu kulikuwa na chanzo kingine. Tangi la V8 lina pampu ya umeme ndani yake, inayosukuma petroli kwa shinikizo kubwa kwenda kwenye sindano. Dizeli hii hunyonya kutoka tangini kwa pampu ndogo iliyo kwenye injini. Fundi aliiacha pampu ya zamani ndani ya tangi ikiwa imekatwa umeme, na injini ikawa inanyonya kupitia kwenye pampu iliyolala. Kwenye tambarare inatosha, kwenye mlima haitoshi. Tangi likashushwa, pampu ikatolewa, bomba la kunyonyea la gari la vipuri likawekwa. Safari hiyo tangi lilisafishwa kikamilifu pia, kwani pampu ya Bosch inalainishwa na dizeli yenyewe, na petroli iliyobaki chini ya tangi huuondoa ulainisho huo.

Mbele ya gari ilikuwa imeinama. Bloku ya V8 ni ya aloi ya alumini, ya Tdi ni ya chuma kizito cha kalibu. Springi za mbele za gari la vipuri zilikuwepo lakini hazikuhamishwa mwanzoni kwa sababu ya haraka. Zilipohamishwa, gari likasimama sawa.

Matokeo

Baada ya marekebisho hayo, kwa njia ileile ya kupima na njia zilezile za kazi, ulaji ulikaa kwenye lita 11.5 kwa kilomita 100, karibu kilomita 8.7 kwa lita.

Mwenyewe alipenda kusema gari limeshuka kutoka 22 hadi 11.5, na kwamba fundi alisema kweli. Tofauti hiyo ya lita 10.5 inagawanyika hivi: lita 1.9 zilikuwa kosa la mita lililosababishwa na matairi, lita 1.9 zilitokana na thamostati, kalipa na filta, na lita 6.7 ndizo zilizoletwa na injini mpya.

Gharama yote ilifika lita 5,600. Kwa kuuza V8, milango na vipuri vilivyobaki, lita 900 zilirudi, ikabaki 4,700. Injini mpya inaokoa lita 1,340 kwa mwaka, na hivyo inalipa baada ya miaka mitatu na nusu, bei za petroli na dizeli zikiwa sawa. Dizeli ikiwa ghali kwa asilimia 10, inakuwa zaidi kidogo ya miaka minne; ikiwa rahisi kwa asilimia 10, mitatu. Matengenezo ya lita 150 yalianza kuokoa lita 380 kwa mwaka, na yalijilipa ndani ya miezi mitano.

Uchambuzi: kwa nini dizeli ilifanikiwa

Gari hili likitembea kilomita 90 kwa saa kwenye tambarare linahitaji takriban kilowati 20 kulisukuma. V8 ina uwezo wa kilowati 134 hivi, sawa na nguvu farasi 182. Safari nzima inafanya kazi kwa sehemu ndogo ya uwezo wake, kipepeo cha hewa kikiwa karibu kimefungwa, na pistoni zikivuta hewa kwa taabu kupitia tundu lililobanwa. Kazi ya uvutaji huo inalipiwa kwa petroli. Dizeli inaacha hewa iingie yote na inadhibiti nguvu kwa kiasi cha mafuta kinachopulizwa. Juu ya hapo, mgandamizo wa V8 hii ni 9.35 kwa 1, wa 300Tdi ni 19.5 kwa 1, na mgandamizo mkubwa unatoa kazi zaidi kwenye joto lilelile.

Lakini sehemu ya unafuu ni ya lita yenyewe. Lita ya dizeli ina megajuli 36 hivi, ya petroli 32. Ukihesabu nishati badala ya lita, lita 18.2 za petroli ni megajuli 582 na lita 11.5 za dizeli ni 414. Lita zimepungua kwa asilimia 37, nishati kwa 29. Hewa ya ukaa nayo, kwa kuwa lita ya dizeli hutoa kilo 2.7 na ya petroli 2.3, imeshuka kutoka kilo 42 hadi 31 kwa kilomita 100, yaani asilimia 26. Upande wa masizi na oksidi za nitrojeni, dizeli ya zamani isiyo na kichujio ni chafu, na mtu anayeingia mijini aliangalie hilo kabla: London, kwa mfano, tangu 2019 eneo lake la hewa safi linataka dizeli ifikie kiwango cha Euro 6 (ngazi za Ulaya za usafi wa moshi) wakati petroli inatakiwa Euro 4 tu.

Sehemu nyingine ya unafuu ni ya mguu wa dereva. Nguvu farasi zilishuka kutoka 182 hadi 111. Torki (nguvu ya kuzungusha) ya Tdi, Nm 265 kwenye mizunguko 1,800, inatosha kupanda mlima kwa utulivu, lakini juu ya kilomita 100 kwa saa haina haraka. Zamani alikuwa akienda 120. Sasa anakwenda 95 hadi 100. Ukinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kwenye 120 unazidi ule wa 100 kwa asilimia 44. Angekwenda 95 hadi 100 na V8, pengo lingepungua. Kulipita lori sasa kunataka nafasi ndefu ya barabara, na nilimwomba alizoee hilo kwa makusudi kabla ya safari ya usiku.

Uchambuzi: palipopungua

Mpangilio wa awali wa gereji ulilinganisha injini mbovu na injini nzima, na kwa mlinganisho wa namna hiyo injini yoyote inayoingia itashinda. Ubaya wake ni kwamba thamostati na kalipa vingebaki vimefichwa. Kalipa iliyokwama haitolewi pamoja na injini. Ingeendelea kula dizeli kama ilivyokula petroli, na lawama ingeiangukia Tdi.

Pia kipimo cha kilomita kwa lita huwadanganya watu. Kutoka kilomita 5 hadi 6 kwa lita kunaonekana kidogo, lakini kwa kilomita 100 ni lita 3.3. Kutoka 12 hadi 15 kunaonekana kikubwa, na ni lita 1.7 tu. Gari linalokula sana ndilo lenye faida kubwa ya matengenezo madogo, na ndilo ambalo wenyewe wanalikatia tamaa mapema.

Karatasi zilianza kushughulikiwa kwa kuchelewa. Namba ya injini na aina ya mafuta hubadilika, na kampuni ya bima inataka kujua kabla ya gari kurudi barabarani. Mkaguzi aliomba picha za vishikizo kabla ya kupakwa rangi. Bahati nzuri tulizipiga kwa ajili yetu wenyewe.

Baadaye alikuja mwenye gari la namna hiyohiyo, anayetembea kilomita 8,000 kwa mwaka, akitaka kufanyiwa hivyohivyo. Kwake lita 6.7 zingekuwa lita 536 kwa mwaka, na gharama ileile ingerudi baada ya karibu miaka tisa. Tulipasha injini yake moto, tukaangalia mshale wa joto, tukashika ringi zote nne baada ya mwendo, na kazi iliyofanyika ilikuwa thamostati na kalipa mbili.